UZI: Adolf Cluss, mwanamapinduzi wa Heilbronn aliyeijengea Washington shule na masoko ya matofali mekundu

FundiPimaMaji

Wakuu habari zenu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, nimeona nilimwage hapa jukwaani. Wapo watu wa fani ya ujenzi humu, wapo na wapenda historia, wataongezea.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Eastern Market, soko la zamani la mtaa wa Capitol Hill hapa Washington. Shida yangu ilikuwa samaki tu. Mimi ni muashi. Kazi niliianza Tanga nikiwa kijana wa kubeba maji na mchanga, na huku Maryland nilipo sasa ndiyo bado inayoniweka mjini. Fundi akifika mahali, kabla hajamwona mtu ameshauona ukuta. Basi kabla ya kuingia nikasogea kwenye dirisha moja la nje, nikapitisha kiganja kwenye ubavu wa tao. Viungo ni vyembamba, tofali zimepangana kama meno ya mtoto. Nikainua macho juu: chini ya paa, safu za tofali zimetokezwa nje, moja imezidi nyingine kidogo, mpaka zimefanya pindo zima la jengo. Hakuna jiwe la kuchonga, hakuna lipu ya kuficha makosa ya fundi. Ni tofali na akili ya mtu. Jengo la 1873 hilo.

Nikamuuliza muuza samaki nani alilichora. Akanitajia jina moja: Cluss. Toka siku hiyo nasoma kila ninachokipata kuhusu mtu huyu, na kila nikisoma nazidi kumheshimu. Naanza kushusha, mtanivumilia, naandika baada ya kazi.

Chokaa_na_Mchanga

Tupo mkuu, siti ya mbele kabisa. Shusha.

FundiPimaMaji

Adolf Cluss alizaliwa tarehe 14 Julai 1825 mjini Heilbronn, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya sasa, wakati huo ukiwa mji wa ufalme wa Württemberg. Baba yake, Heinrich, alikuwa fundi mkuu wa ujenzi mwenye jina pale mjini, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye vumbi la mawe na mbao. Ndugu yake August ndiye aliyekuja kuanzisha kiwanda cha bia kilichobeba jina la ukoo huo Heilbronn.

Adolf alijifunza useremala. Kule ilikuwa desturi kijana akishajua kazi anafunga mzigo, anatembea mji hadi mji akifanya kazi chini ya mafundi wengine, ajifunze mikono ya watu. Miguu yake ilimfikisha Mainz kwenye kazi za reli, ikamfikisha na Brussels. Brussels ndiko alikokutana na Karl Marx. Ndiyo, huyo huyo mnayemjua. Cluss akaingia kwenye Umoja wa Wakomunisti akiwa na umri wa miaka 22 hivi.

Mwaka 1848 Ulaya ikawaka moto wa mapinduzi. Pale Mainz kulikuwa na chama cha elimu cha wafanyakazi, na mwezi Aprili kilitoa wito kwa wafanyakazi wa Ujerumani yote waunde vyama na washikane. Chini ya wito ule pana majina mawili: Karl Wallau, na Adolf Cluss akiwa katibu. Seremala wa miaka 22, katibu wa wito wa nchi nzima! Mwaka huo huo akapanda meli kwenda Marekani.

Mwanakwerekwe

Samahani mkuu kwa kukukata. Huyu ana uhusiano wowote na wale Wajerumani waliotujengea maboma na makanisa pwani yetu? Kule Dar na Bagamoyo kuna majengo yao mengi.

FundiPimaMaji

Hapana ndugu yangu. Cluss aliondoka 1848, kabla hata Ujerumani haijawa dola moja. Hilo limekuja 1871, na koloni la kule kwetu 1885. Yeye alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wajerumani waliokwenda Marekani katika miaka hiyo, wengi wao wakiwa mafundi, wachapaji, walimu na madaktari. Huko waliwaita watu wa 48.

FundiPimaMaji

Naendelea. Alishukia New York, na 1849 akahamia Washington. Kazi ya kwanza aliyopata ni ya serikali, kwenye ofisi ya upimaji wa pwani. Baadaye akawa kwenye karakana ya jeshi la wanamaji, kisha kwenye ofisi ya Hazina iliyokuwa ikichora majengo ya serikali kuu. Mchana anachora ramani za serikali ya Marekani. Usiku anaandika barua kwa Marx aliyekuwa London, na kwa Joseph Weydemeyer wa New York, mkomunisti mwenzao. Marx wakati huo hali yake ilikuwa ngumu, na Cluss alikuwa mmoja wa watu waliomhangaikia ili maandishi yake yachapwe kwenye magazeti ya Kijerumani ya Marekani. Miaka karibu kumi alikwenda hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 barua zikakatika. 1859 akamuoa Rosa Schmidt wa Baltimore, wakajaliwa watoto saba. 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafungua ofisi yake ya usanifu majengo pamoja na Mjerumani mwenzake, Joseph von Kammerhueber.

Hapa kuna watu husema Cluss aliacha siasa akawa tajiri wa mjini. Nami nilianza kuamini hivyo. Kisha nikaangalia orodha ya alivyovijenga.

Mchambuzi Huru

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtu anaandikiana na Marx, halafu anaishia kuwachorea maseneta majumba. Nimesikia kuna jumba la seneta pale Dupont Circle lililoitwa kasri. Huo si usaliti?

FundiPimaMaji

Ni kweli, mkuu, alimjengea seneta William Stewart jumba kubwa Dupont Circle, 1873, na nyumba nyingine nyingi za wenye fedha. Alikuwa na familia na ofisi ya kulipia pango. Majumba hayo sina la kusema sana juu yake, na karibu yote yameshabomolewa. Naomba unipe nafasi nifike kwenye shule, kisha uniambie.

Kwanza mwone mji wenyewe ulivyokuwa. Washington ya 1860 ilikuwa na watu kama 75,000 pamoja na vitongoji vyake. Mwaka 1870 walikuwa zaidi ya 131,000. Katikati hapo vita vimepita, na maelfu ya watu Weusi waliotoka utumwani wamekimbilia mji mkuu. Barabara ni tope mvua ikinyesha na vumbi jua likiwaka. Mfereji mkuu unapita katikati ya mji ukinuka kama choo. Na watoto wa kawaida? Wanasomea vyumba vya kupanga, vibovu, giza, popote palipopatikana. Shule ya umma ilionekana ni mahali pa watoto wa maskini, na maskini hajengewi.

Cluss akaja na shule ya Wallach, 1864. Jengo la matofali lililojengwa kwa ajili ya kusomea, si chumba kilichogeuzwa darasa. Kisha Franklin, iliyofunguliwa 1869 kwenye kona ya mtaa wa 13 na K. Franklin bado ipo, na nimekwenda kuiona kwa macho yangu jana jioni nikitoka kazini.

Wakuu, niliiangalia kama fundi. Ghorofa tatu juu ya ghorofa ya chini, minara miwili mbele, sanamu ya kichwa cha Benjamin Franklin ukutani. Hayo ni mapambo, mazuri. Lakini angalia madirisha. Ni makubwa kupita desturi ya shule za wakati ule, tena marefu, yanapanda juu karibu na dari ili mwanga ufike kwenye dawati la nyuma kabisa. Milango miwili, wavulana na wasichana, na ngazi pande mbili, kwa hiyo kengele ikilia watoto hawakanyagani. Ndani ya kuta mna njia za hewa, hewa safi ya moto inaingia na hewa chafu inatoka. Juu kuna ukumbi mkubwa. Mtu amekaa akafikiria mtoto wa miaka minane anayekaa mle saa sita kila siku: anaona nini, anavuta hewa gani, anashukaje ngazi.

BintiMwalimu

Kaka Fundi, umenigusa. Nafundisha darasa la tatu, nina watoto 94 chumba kimoja. Dirisha letu lilichorwa pana, likajengwa dogo, tukaambiwa nondo na vioo ni gharama. Watoto wa safu ya ukutani wanaandika kwenye kivuli cha mkono wao wenyewe. Nawaona wanavyoinamia daftari mpaka pua inagusa karatasi, halafu mzazi anakuja kuniuliza mbona mwandiko wa mwanawe unapanda na kushuka. Nimekaa nikiamini tatizo ni mimi sijui kufundisha mwandiko. Hebu endelea, huyo Cluss aliupata wapi huo moyo wa kufikiria dirisha?

FundiPimaMaji

Dada, Mwalimu, pole sana. Na nikuambie kwa lugha ya site: kupunguza dirisha ndiyo akiba ya uongo kuliko zote. Fedha unayookoa ni kidogo, na mtoto analipa kwa macho.

Swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Mimi naona moyo huo aliutoa Mainz. Kile chama alichokuwa katibu wake kilikuwa chama cha elimu cha wafanyakazi. Mtu aliyeamini akiwa na miaka 22 kwamba mtoto wa fundi anastahili kusoma, alipopata penseli na bajeti ya manispaa akiwa na miaka 40, alimjengea mtoto huyo jengo linalolingana na benki. Barua kwa Marx zilikatika, lakini imani aliihamishia kwenye tofali. Huo ni mtazamo wangu, na nausimamia.

Kazi hiyo ilionekana duniani. Kwenye maonyesho ya dunia ya Vienna, 1873, shule za Washington alizosanifu zilipewa Medali ya Maendeleo. Zilionyeshwa tena Philadelphia 1876 na Paris 1878. Mtoto wa Heilbronn amerudi Ulaya kupitia ramani za shule.

Kingine kuhusu Franklin: 1880 kutoka kwenye paa lake, Charles Sumner Tainter alituma sauti kwa mwali wa mwanga hadi maabara ya bosi wake Alexander Graham Bell, yule wa simu, kwenye mtaa wa L, umbali wa mita kama 213. Bell alisikia, akapunga kofia dirishani. Sauti bila waya, miaka zaidi ya 140 iliyopita, juu ya paa la shule ya msingi.

Chokaa_na_Mchanga

Hii ya mwanga sikuwahi kuisikia. Hatari sana. Sasa mkuu, hizo shule watoto Weusi waliruhusiwa?

FundiPimaMaji

Hapana. Hapo hatupaki rangi. Shule za Washington zilikuwa za ubaguzi, weupe kwao na Weusi kwao, na hali hiyo ilidumu mpaka 1954. Wallach na Franklin zilikuwa za weupe.

Lakini 1872, mwezi Septemba, ilifunguliwa shule ya Sumner kwenye kona ya mtaa wa 17 na M, kwa ajili ya watoto Weusi. Imepewa jina la seneta Charles Sumner aliyepigania kufutwa kwa utumwa. Mchoraji ni Cluss. Nendeni mkaitazame Sumner baada ya kuitazama Franklin. Matofali mekundu yale yale, mnara wa saa, tao la mlango wa mbele, madirisha marefu. Mji uliokuwa tayari kuwapa watoto hawa banda ulipewa ramani ya hadhi ile ile iliyozawadiwa Vienna.

Mchambuzi Huru

Sawa, lakini jengo zuri la ubaguzi bado ni ubaguzi mkuu. Anayejenga shule mbili nzuri za kutenganisha watoto anaurembesha ule mpaka wenyewe. Na mimi nadhani mwenzetu unampa sifa Cluss kwa jambo walilolipigania Weusi wenyewe.

FundiPimaMaji

Hoja yako ina uzito, na sehemu ya pili nakubaliana nayo kabisa. Sumner ilisimamiwa na bodi ya wadhamini wa shule za Weusi, na ofisi za bodi hiyo na za msimamizi wake mkuu, George F. T. Cook, zilikuwa humo humo ndani. Cook alikuwa Mweusi, akazisimamia shule hizo mpaka 1900. Wao ndio walioagiza jengo. Wangeweza kuambiwa hela hakuna, chukueni vyumba vinne na paa. Hawakukubali vyumba vinne na paa.

Na tazama waliokaa humo. Shule ya sekondari ya kwanza ya umma kwa vijana Weusi wa Washington ilianza 1870 kwenye ghorofa ya chini ya kanisa la Presbiteri la mtaa wa 15. Mwaka 1872 ikahamia Sumner. Mkuu wake mwaka huo alikuwa Richard T. Greener, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha Harvard. Kabla yake na baada yake mkuu alikuwa Mary Jane Patterson, aliyehitimu Oberlin 1862, mwanamke wa kwanza Mweusi Marekani kupata shahada. Mahafali ya kwanza ya sekondari hiyo yalifanyika Sumner, 1877. Kutoka chumba cha chini cha kanisa kwenda kwenye ukumbi wenye madirisha ya Cluss. Sisi mafundi hatuondoi sheria mbaya. Tunaweza kukataa kumjengea mtu ukuta mbaya kwa sababu ya rangi yake. Cluss alikataa.

Mchambuzi Huru

Nimekuelewa. Habari za Greener na Patterson nilikuwa sizijui, ahsante. Kwenye suala la mpaka bado nabaki na langu.

FundiPimaMaji

Baki nalo mkuu, ni haki yako.

Sasa nakuja mahali ambapo mimi binafsi nimesoma mara tatu. Mwaka 1871 Washington ilipewa serikali mpya ya wilaya na Bodi ya Kazi za Umma. Mwenye nguvu kwenye bodi hiyo alikuwa Alexander Shepherd, mtu aliyetaka mji ugeuke mji kwa miaka mitatu. Na aliugeuza: mifereji ya maji taka, barabara zilizosawazishwa, taa, miti kwa makumi ya maelfu, ule mfereji unaonuka ukazikwa. Kuna mahali barabara ilishushwa mpaka nyumba za watu zikabaki zinaning'inia juu, mlango hauna pa kukanyaga. Barabara nyingine zilitandikwa vipande vya mbao ambavyo havikuchelewa kuoza. Fedha zilikwenda kama maji. Deni la mji kisheria lilikuwa na kikomo cha dola milioni 10, na Bodi ikakiruka mbali sana.

1872 Cluss aliingizwa kwenye Bodi akiwa mhandisi wake. Tena Shepherd alikuwa mteja wake: nyumba ya Shepherd mwenyewe karibu na uwanja wa Farragut ilichorwa na Cluss. Sasa 1874 Bunge likaunda kamati kuchunguza. Cluss akaitwa. Akakaa mbele ya kamati akaeleza jinsi vipimo vya kazi na malipo ya wakandarasi vilivyokuwa vikiendeshwa ovyo. Alisema hayo juu ya ofisi yake mwenyewe na juu ya mtu aliyemchorea nyumba. Rais Ulysses Grant, aliyekuwa rafiki wa Shepherd, akamfukuza kazi Cluss. Mwezi Juni Bunge likaifuta serikali ile yote. Grant akampendekeza Shepherd kwenye uongozi mpya, Seneti ikamkataa. Baadaye Shepherd alifilisika akahamia Mexico kuchimba madini ya fedha.

QS_Kihonda

Nilikuwa nasoma kimya, hapa naomba nichangie. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Miaka kadhaa nyuma nililetewa hati ya malipo ya kazi ya mtaro, ya mradi fulani sitautaja. Hati inasema mita 600 za mtaro wa mawe. Nilikwenda na futi yangu ya utepe, mimi na kijana mmoja wa kushika upande wa pili. Tulipima mita 410, mtaro ukaishia kwenye shamba la mihogo. Tukarudia tukidhani tumeruka kipande. 410.

Nikarudi ofisini nikaambiwa mkubwa anaisubiri saini. Nilikaa na ile kalamu kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Nilikuwa na mke mjamzito na kodi ya nyumba. Nikasaini. Nimeandika mambo mengi maishani lakini saini ile ndiyo naiona usiku. Kwa hiyo mtu aliyekwenda mbele ya Bunge akasema vipimo vya ofisi yangu havikuwa sawa, najua alichokibeba kifuani siku ile. Na alikuwa na watoto saba.

BintiMwalimu

QS, kaka yangu, ahsante kwa kusema. Si wengi wangeandika hivyo.

FundiPimaMaji

QS nimekaa na maneno yako tangu jana. Na mimi nimewahi kupanga tofali kwenye mchanganyiko niliojua saruji imeibwa. Nilinyamaza, nikalipwa, nikaondoka. Ndiyo maana kisa cha 1874 nilikisoma mara tatu.

Na jambo ni kwamba hakufa njaa. Kazi aliendelea kupata. Baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, taasisi ya Smithsonian ilirundikiwa vitu vingi vya maonyesho, mabehewa kwa mabehewa, haina pa kuviweka. Bunge likaidhinisha dola 250,000 tu kwa jumba la makumbusho ya taifa. Kazi ikapewa Cluss na mshirika wake Paul Schulze, Mjerumani mwingine. Wakaanza 1879. Tarehe 4 Machi 1881 jengo lilikuwa limesimama, na dansi ya kuapishwa Rais James Garfield ilichezwa humo kabla vitu havijapangwa.

Hilo ndilo Jengo la Sanaa na Viwanda, Arts and Industries, pale Mall, uwanja mkubwa wa katikati ya Washington. Kila upande una mita kama 100. Lina umbo la msalaba, katikati kuba, na mwanga unashuka kutoka madirisha ya juu kwa juu. Bajeti ilikuwa ndogo, hakuna hela ya marumaru. Wakafanya rangi kwa tofali zenyewe: nyekundu ndiyo kuu, kisha mistari ya buluu, nyeusi na ya maziwa. Fundi aliyepanga ukuta ule alikuwa akihesabu kila tofali kama mshona kofia anavyohesabu vitundu. Jengo lililojengwa kwa bei ya chini kuliko mengine ya serikali, na watu husimama kulitazama.

Mwanakwerekwe

Kofia ya vitundu umenimaliza kabisa mkuu. Hiyo nimeielewa mia kwa mia. Sasa mbona jina lake halijulikani? Mji mzima na yeye ndiye mjenzi.

FundiPimaMaji

Kwa sababu mtindo ulibadilika, ndugu yangu. Cluss alifariki Washington tarehe 24 Julai 1905, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80, akazikwa makaburi ya Oak Hill. Miaka michache kabla yake ulishatoka mpango wa kuupanga upya mji, 1902, na mpango huo uliutaka mji mweupe: marumaru, nguzo, Ugiriki na Roma. Tofali nyekundu zikaonekana za kizamani. Jengo lake la Wizara ya Kilimo lililokuwa Mall likavunjwa 1930. Center Market, soko lake kubwa kuliko yote, lililofunguliwa 1872 kwenye Pennsylvania Avenue na likalisha mji kwa karibu miaka 60, likavunjwa 1931. Mnaokwenda kuona Azimio la Uhuru la Marekani pale Nyaraka za Taifa, mnasimama palipokuwa na meza za wachinjaji na wauza mboga wa Cluss. Wallach nayo imekwenda. Jengo la ghorofa za kupangisha la Portland, la mwanzo kabisa la aina hiyo mjini, limekwenda 1962.

Hata kwao hakukusalia kitu. Mji mkongwe wa Heilbronn uliteketea kwa mabomu ya Waingereza usiku wa tarehe 4 Desemba 1944.

Yaliyobaki yamebaki kwa watu kuyang'ang'ania. Franklin iliwahi kuwa makazi ya watu wasio na nyumba, ikafungwa, ikakaa tupu miaka, na 2020 ikafunguliwa tena kama makumbusho ya lugha. Sumner ilitengenezwa miaka ya 1980, sasa inahifadhi nyaraka za shule za mji, kwa hiyo majina ya wale watoto wa 1872 yamerudi nyumbani. Kanisa la Calvary Baptist, nalo la Cluss, liko. Arts and Industries ilifungwa 2004, ikawa inafunguliwa mara chache.

Na Eastern Market yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 2007 iliungua, paa la ukumbi wa kusini, ule wa Cluss, likaanguka. Majirani walisimama barabarani wanalia. Wafanyabiashara wakajengewa banda la muda ng'ambo ya barabara ili wasitawanyike, na Juni 2009 wakarudi ndani. Kuta zilikuwa zimesimama. Tofali iliyochomwa sawasawa ilishapita kwenye moto kabla ya moto.

Chokaa_na_Mchanga

Mkuu mimi niko Silver Spring, miaka minne, na soko hilo nimelipita mara nyingi naenda zangu. Sijawahi hata kushuka. Jumamosi hii uko huru? Nataka unionyeshe hilo tao kwa mkono.

FundiPimaMaji

Niko huru. Panda treni mpaka kituo cha Eastern Market, ukitoka nje soko liko hatua chache, mtaa wa Seventh. Mimi nitakuwa upande wa nje, dirisha la pili kutoka mlangoni, saa nne asubuhi. Njoo mapema kabla samaki hawajaisha. Tukimaliza tunakwenda Sumner.

QS_Kihonda

Mkienda, nipimieni lile dirisha la Sumner. Upana na kimo, na kutoka sakafuni mpaka kizingiti cha chini. Mwalimu wetu hapo juu ana darasa la watoto 94, na mimi bado nina futi.